Shangazi Kigoda na Barua ya Arobaini na Tatu

Leo, tarehe 30 Septemba, saa kumi kamili jioni, Shangazi Kigoda atarudisha ufunguo wa chumba namba nne. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitano ya kazi katika kitengo chetu cha chuo kikuu, kinachotafiti magonjwa ya akili na ubongo kwa watoto na vijana. Kwa utaratibu alipaswa kuurudisha mwaka jana, alipofikisha umri wa miaka sitini. Aliomba mwaka mmoja wa nyongeza, akapewa, na wengi walijiuliza kwa nini bibi wa wajukuu wanne atake kuendelea kupanda ngazi zetu. Sababu ilikuwa barua moja ambayo haikuwa imemfikia mwenyewe. Alikuwa ameapa kwamba hataondoka nayo.

Nimeombwa kuandika wasifu huu wa kumuaga kwa niaba ya baraza la vijana washauri, ambalo mimi ni katibu wake. Sisi ni wanafunzi wa sekondari tuliowahi kupimwa hapa, na kila utafiti mpya hupita kwetu kwanza ili tuseme kama unaeleweka na kama unaumiza. Shangazi ndiye aliyependekeza tuwepo. Alisema fundi hakati nguo kabla ya kumpima mtu, na hampimi mtu kabla ya kumwambia anashona nini.

Aliajiriwa kama mpiga chapa akiwa na miaka ishirini na sita. Wakati ule kitengo kilikuwa vyumba viwili tu, juu ya duka la vitabu la chuo, na mashine yake ya chapa ilikaa kwenye ujia mwembamba walikosubiri wazazi. Profesa mwanzilishi, ambaye siku hizi ni mzee wa bakora na bado huja kila wiki kutusomea magazeti yetu kabla hatujayasoma, husimulia jinsi alivyokigundua kipaji cha Shangazi. Watoto waliokuwa wakilia mbele ya daktari walinyamaza wakifika kwenye ile mashine. Profesa alidhani dawa ni mlio wa mashine, akanunua ya pili na kuiweka ofisini kwake. Watoto wakaendelea kulia. Ndipo akamhamisha mpiga chapa.

Akasomea upimaji wa watoto, kwanza cheti, kisha stashahada, masomo ya jioni baada ya kazi, huku akilea watoto wawili wadogo. Mume wake ni fundi redio. Anasema katika miaka ile alijifunza kupika vitu vitatu, na watoto walikula viwili.

Kazi ya Shangazi ilikuwa kuwatazama watoto na kuandika anachokiona, si anachokitarajia. Hilo linaonekana dogo mpaka ulijaribu. Kulikuwa na msichana wa miaka sita ambaye nyumbani alizungumza kama kasuku, lakini nje ya nyumbani hakutoa hata neno moja kwa mwaka mzima. Madaktari walimwuliza maswali ya kila namna, na kila swali lilizidi kumfunga mdomo. Shangazi hakumwuliza kitu. Alimpa kazi ya kugonga mihuri kwenye fomu, wakakaa wawili meza moja, siku baada ya siku, kila mmoja na shughuli zake. Wiki ya tatu msichana alimtazama na kusema, "Wino umeisha." Shangazi alijibu, "Afadhali umeniambia," akainuka kwenda kuutafuta. Wenzake walitaka kupiga makofi, yeye akawakazia macho hadi wakaacha. Alijua kwamba mtoto akishangiliwa kwa kusema atarudi kujificha.

Tena kulikuwa na kijana wa darasa la saba aliyekuwa akikonyeza, akitikisa shingo na kukohoa bila kukusudia. Mwalimu wake aliamini anadhihakiwa na akamfukuza darasani mara nne. Shangazi hakuandika barua, alipanda basi hadi shuleni. Walimu waliokuwepo ofisini bado wanayakumbuka maneno yake: "Mwalimu, mtu akikukonyeza mara mia kwa siku, hiyo si dharau wala si mapenzi. Ni misuli tu." Mwalimu alicheka, kisha akaona haya, kisha akamrudisha kijana darasani. Kijana yule sasa ni mwendeshaji wa mitambo ya kunyanyulia mizigo bandarini, na shingo yake bado hutikisika anapokuwa chini. Akiwa juu, anasema, hutulia yenyewe.

Lakini jambo lililompa jina lake ndilo kubwa kuliko yote. Lilianza na kosa, na kosa lilikuwa lake.

Miaka kumi na minne iliyopita kitengo kilikuwa kikipima watoto wa miaka sita hadi minane ili kujua ni wangapi wana ugonjwa wa kutotulia na kushindwa kuzingatia jambo. Kila mtoto aliketi chumba namba nne kwa dakika ishirini, akitazama picha kwenye skrini na kubonyeza kitufe kila alipoona nyota. Nyuma ya kioo, ambacho mtoto hawezi kuona upande wake wa pili, aliketi Shangazi na kidude cha kuhesabia cha kubonyeza kwa kidole gumba. Mguu ukitikisika, anabonyeza. Mwili ukigeuka, anabonyeza. Mtoto aliyezidi mitikisiko sitini, wazazi wake waliandikiwa barua kwamba ameonyesha dalili na apelekwe kwa daktari. Katika miaka mitatu walipimwa watoto mia tatu na kumi na wawili, na barua zilizotoka ni arobaini na tatu. Matokeo yalikuwa yamekubaliwa na jarida la kisayansi. Mezani kwa mkurugenzi kulikuwa na barua ya kumpandisha Shangazi cheo kuwa mpimaji mkuu.

Siku moja alikwenda kutengenezewa miwani. Shangazi ni mfupi, na yeye mwenyewe husema kwamba Mungu alipofika kwake kitambaa kilikuwa kimebaki kidogo. Fundi miwani alimketisha kwenye stuli ndefu mbele ya meza yake. Baada ya muda fundi aliweka chini bisibisi na kusema, "Mama, naomba utulie. Miguu yako inanitikisia meza." Shangazi alitazama chini, akaiona miguu yake ikining'inia na kupigapiga hewani. Hakuwa amejua kama anafanya hivyo. Aliondoka bila miwani.

Kiti cha chumba namba nne kilitoka maktaba ya chuo. Kilitengenezwa kwa ajili ya watu wazima.

Kesho yake alifungua daftari la vimo. Kati ya watoto arobaini na watatu waliopata barua, thelathini na wanane walikuwa wafupi kiasi kwamba miguu yao haikuweza kugusa sakafu. Jumamosi akawaomba wafanyakazi wamletee watoto wao kumi. Aliwapima mara mbili kila mmoja kwenye kiti kilekile, mara moja miguu ikiwa hewani na mara moja ikiwa juu ya matofali, nusu yao wakianza na matofali ili mtu asije akasema ni mazoea tu. Mtoto yuleyule, nyota zilezile. Miguu ilipopata pa kukanyaga, mitikisiko ilipungua kwa zaidi ya nusu.

Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amekaa nyuma ya kioo kile, na hakuna aliyeulizia kiti. Alikwenda kwenye kikao cha Jumatatu akiwa na tofali moja mkobani, akaliweka juu ya meza. Mtakwimu wetu, ambaye alikuwa amefanya hesabu za miaka yote mitatu, alimwuliza, "Shangazi, unataka kutuambia kwamba ugonjwa wenyewe ni kiti?" Yeye akajibu, "Sijasema hivyo. Wapo wanaoumwa kweli. Nasema hatujui ni nani, na barua zetu zinasema tunajua."

Makala ikaondolewa kwenye jarida. Utafiti ulisimama miezi saba, na barua ya cheo ilirudi kabatini. Baadhi ya wenzake walimnunia, kwa sababu jasho lao pia lilikuwa limemwagika pale. Kuna mmoja ambaye kwa wiki kadhaa alimsalimia kwa kuutazama ukuta. Shangazi aliitikia salamu zote, hata zile za ukuta.

Seremala wa chuo alimtengenezea kigoda cha ngazi tatu kinachopanda na kushuka kwa komeo la mbao. Kila mtoto sasa hupewa mahali pa kuweka miguu kabla hajaanza. Watoto waliokuja baadaye ndio waliomwita Shangazi Kigoda, na jina likafuta lile la kwenye orodha ya mishahara. Utafiti uliporudiwa ulitoa matokeo tofauti kabisa na yale ya kwanza, na jarida lilelile likayachapisha, pamoja na ukurasa mzima unaoeleza kosa lilivyokuwa na lilivyoonekana. Vyuo saba vimeandika kuomba vipimo vya kigoda. Seremala amebandika barua hizo zote karakana, na hakubali mtu aziguse kwa mikono yenye gundi.

Kigoda kilileta faida nyingine ambayo hakuna aliyeitazamia. Miguu ilipotulia, Shangazi alianza kuona vitu ambavyo fujo ya miguu ilikuwa imevifunika. Aliona mtoto ambaye kila baada ya muda aliacha kubonyeza kwa sekunde nane, kope zikipepesa, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Shuleni mtoto huyo aliitwa mwota ndoto za mchana. Kumbe ilikuwa aina ya kifafa isiyo na kuanguka. Tangu hapo watoto kumi na wawili wamegunduliwa hivyo na kutibiwa. Mmoja wao ndiye anayeandika haya, na anamaliza sentensi zake.

Zikabaki zile barua arobaini na tatu. Mkurugenzi alitaka familia zote zitumiwe barua ya kusahihisha kwa posta. Shangazi alisema barua ya kwanza ilikwenda kwa posta, na angalieni ilikofika. Maana wazazi wengi walikuwa wameipeleka shuleni, na shule nyingi ziliichukua kama hukumu, ingawa ilisema tu apelekwe kwa daktari. Hivyo ya pili angeipeleka yeye mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kisha angekwenda na mzazi shuleni kuhakikisha ile ya kwanza inatolewa kwenye faili.

Alifanya hivyo kwa mwaka mmoja na nusu. Bibi mmoja alimsikiliza hadi mwisho, akamgeukia mwanawe na kusema, "Si nilikwambia? Mtoto ni mfupi tu kama marehemu babu yake. Ukaniona sikusoma." Mama mmoja alimfungia mlango mara tatu, na mara ya nne akamfungulia kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Mwalimu mkuu mmoja alishikilia kwamba karatasi ikishaingia kwenye faili haitoki, Shangazi akakubali, akaomba gundi, na akaibandika barua mpya juu ya ile ya zamani mbele ya macho yake. Watoto arobaini na wawili walirudi kupimwa. Ishirini na saba hawakuwa na tatizo lolote. Kumi na watano walikuwa nalo kweli, na hao walipata matibabu na walimu walioelekezwa namna ya kuwafundisha. Shangazi hupenda watajwe wote. Anasema kuambiwa kwamba unaumwa wakati unaumwa nako ni kutendewa haki.

Wa arobaini na tatu hakupatikana. Alikuwa msichana wa miaka saba, mfupi kuliko wote katika daftari. Familia ilikuwa imehama, simu haikupokelewa, shule haikujua. Kitu pekee alichokuwa nacho Shangazi ni kwamba mama wa mtoto alikuwa msusi mwenye kovu la maji ya moto mkononi.

Wafanyakazi wa hapa mtakumbuka mnavyomtania kwa mitindo yake ya nywele. Kila baada ya wiki chache alikuja na msuko mpya, na mhasibu alikuwa akiuliza kama kuna harusi ambayo sisi hatukualikwa. Hakuna harusi iliyokuwepo. Kwa miaka kumi na miwili Shangazi alisukwa na wasusi wapatao tisini, kila mtaa aliofika, na kwa kila mmoja alikaa na kuuliza kama anamfahamu msusi fulani mwenye kovu la maji ya moto mkononi, mwenye binti mmoja mfupi.

Julai mwaka huu alikwenda kwa msusi ambaye chumba chake kiko nyuma ya duka la dawa. Nilikuwa naye, kwa kuwa baraza letu huwa linamsindikiza. Kuna viti viwili na kioo kimoja kilichoning'inizwa kwa waya. Msusi alikuwa dada mrefu wa miaka ishirini na moja, mwenye mikono ya haraka na mgongo ulionyooka kama rula. Alikuwa amefika nusu ya kichwa Shangazi alipouliza swali lake. Mikono ikasimama.

"Huyo mwenye kovu ni mama yangu," alisema. "Unamtakia nini?"

Shangazi alikuwa amemtafuta mtu mfupi kwa miaka kumi na miwili, na watoto hukua. Alijaribu kuinuka, dada akamrudisha chini kwa bega. "Kaa, mama. Nusu kichwa hakitoki hapa." Kwa hiyo Shangazi alisema yote akiwa ameinamisha kichwa, bila kuuona uso wa aliyekuwa akimwambia. Alisema kwamba yeye ndiye aliyeketi nyuma ya kioo. Yeye ndiye aliyehesabu. Kiti kilikuwa kirefu, hesabu haikuwa sahihi, na barua iliyofuata haikupaswa kuandikwa.

"Nakikumbuka kile kiti," alisema dada. "Nilikuwa siwezi kushuka mwenyewe."

Alisuka mistari miwili mizima. Kisha alitueleza, kwa sauti ya kawaida tu, jinsi barua ile ilivyosomwa mbele ya darasa, alivyohamishiwa benchi la nyuma kisha chumba cha peke yake, na jinsi alivyoacha shule darasa la sita mama yake alipochoka kuitwa. Tangu hapo amekuwa akijilinda. Akiketi anajiambia tulia. Akisimama anajiambia tulia. Wateja humsifu kwamba hawajaona msusi asiyetikisika kama yeye.

"Kwa hiyo sina kitu?" aliuliza.

"Sijui, mwanangu," Shangazi alisema. "Ninachojua ni kwamba sisi hatukujua. Daktari wetu yupo, ukitaka atakuangalia. Na ukiwa nacho, kina dawa. Ila mimi nilikuhukumu kwa kukosa pa kukanyaga, na kwa hilo naomba unisamehe."

Dada hakusema amesamehe. Alimaliza kichwa, akafunga ncha zote kwa uzi, akanawa mikono na kuifuta vizuri. Ndipo akaichukua barua kutoka kwa Shangazi, akaisoma kwa sauti tangu tarehe hadi muhuri, na alipomaliza aliuliza kama shule za jioni zinaipokea.

Zinaipokea. Daktari wetu alikaa naye saa mbili na hakukuta ugonjwa. Agosti alianza masomo ya sekondari ya jioni, na Shangazi ndiye aliyempeleka siku ya kwanza, na barua mkononi. Mwalimu aliisoma, akamrudishia dada na kumwambia aiweke nyumbani, kwa kuwa pale hawana faili la mambo kama hayo. Asubuhi iliyofuata Shangazi aliomba fomu za kustaafu, akazijaza palepale kaunta.

Mkurugenzi ameitoa kabatini ile barua ya cheo, na mgeni rasmi atamkabidhi leo, ikiwa na tarehe ya miaka kumi na minne iliyopita. Shangazi anastaafu akiwa mpimaji mkuu. Mtakwimu ndiye aliyeandika maombi ya kuitoa, kurasa sita na jedwali moja.

Shangazi, wafanyakazi, madaktari, seremala, wazazi na sisi tuliokaa upande wa pili wa kioo tunakushukuru. Ulitufundisha kwamba mtu anaweza kukosea, akasema amekosea, na dunia isianguke. Wengine wetu tunatamani kuifanya kazi hii siku moja, na tutajitahidi kuifanya hivyo. Siku zinazokuja ziwe zako mwenyewe, ziwe nyingi, na ziwe za heri wewe na fundi redio wako.

Na wageni wetu, mbele kulia, safu ya pili, ataketi dada mmoja mrefu aliyefunga chumba chake cha ususi mapema ili awahi hapa. Hotuba zikirefuka, huenda miguu yake ikatikisika. Msimtazame. Anajifunza kuiachia.